Kwa nini jenereta haiwezi kujilisha yenyewe

Mpangilio wenyewe karibu kila fundi umeme ameshauona, kwenye video au kwa macho yake. Mota ya hospawa 1, yaani wati 746, imefungwa kwenye fremu ya vyuma. Mkanda unatoka kwenye puli ya mota kwenda kwenye gurudumu zito la chuma, na mkanda wa pili unatoka hapo kwenda kuzungusha altaneta, yaani jenereta, ya kilowati 3 au 5. Mota inawashwa kwa umeme wa ukutani. Gurudumu likishachanganya, waya wa mota unachomolewa ukutani na kuchomekwa kwenye soketi ya altaneta ileile inayozungushwa na mota. Taa zinawaka, gurudumu linaendelea kukimbia, na mwenye mashine anatangaza kwamba mafuta, bili na mgao wa umeme vimekwisha.

Hii ni mashine ya mwendo wa daima: chombo kinachotakiwa kutoa kazi bila kupokea nishati yoyote kutoka nje. Watu wameitafuta kwa zaidi ya miaka 800. Haiwezekani, na tatizo si kwamba hatujapata beringi laini ya kutosha au sumaku kali ya kutosha. Ukitaka kujua sababu, fuata mzunguko mmoja kamili wa mashine, sehemu kwa sehemu, uandike kilichoingia na kilichotoka.

Tuanze na hiyo ya mota na altaneta. Mota ndogo ya fezi moja ikiwa nzima hugeuza asilimia 70 hadi 75 ya umeme inaoupokea kuwa nguvu ya kuzungusha shafti. Kinachobaki kinakuwa joto la koili, joto la chuma cha ndani, upepo wa feni na msuguano wa beringi. Mkanda wa V uliokazwa vizuri unapitisha kama asilimia 95. Altaneta ndogo inageuza asilimia 80 hadi 85 ya nguvu ya shafti kuwa umeme. Tuchukue namba za juu kabisa: 0.75 kwa mota, 0.95 kwa kila mkanda kati ya ile miwili, 0.85 kwa altaneta. Zizidishe zote utapata 0.575. Maana yake, wati 1,000 zikiingia kwenye mota, kwenye soketi ya altaneta zinatoka 575. Rudisha hizo 575 kwenye mota, zitatoka 331. Zinazofuata ni 190, kisha 109, kisha 63. Na hapo bado hatujawasha taa hata moja.

Mtu atasema, basi tununue vifaa bora. Mota kubwa za viwandani zinafika asilimia 96 au 97, na jenereta za mabwawa zinafika hata 98. Zizidishe uone: jibu halifiki 1. Tujalie tupate vifaa vya asilimia 100 kamili, ambavyo havipo duniani. Mashine hiyo ingejizungusha tu, bila kubakiza wati moja ya kumpa mtu. Ukichomeka balbu ya wati 5, wati hizo zinakatwa kwenye mwendo wa gurudumu, na gurudumu linapungua kasi mpaka linasimama. Kwa hiyo hata ukiushinda msuguano wote, hujapata chanzo cha umeme.

Kinachowapoteza wengi ni kibao cha altaneta. Kimeandikwa kilowati 5, mota inakula kilowati 1, basi inaonekana kuna faida ya 4. Kibao hakisemi altaneta itatoa nini. Kinasema koili zake zinahimili mzigo wa kiasi gani kabla ya kuungua. Inachotoa kinategemea nguvu inayoletwa kwenye shafti, na shafti hii inaletewa wati 746 kwa wingi wake.

Jambo hili linaonekana kwa vidole. Chukua mota ndogo ya DC kutoka kwenye redio ya kaseti au printa iliyokufa. Zungusha shafti yake kwa vidole huku nyaya zake mbili zikiwa zimeachana: inazunguka kwa urahisi. Sasa gusanisha nyaya hizo mbili, uzungushe tena. Shafti imekuwa nzito ghafla, ingawa hakuna mtu aliyegusa beringi. Ulipounganisha nyaya, umeme ulipata njia ya kupita kwenye koili, na umeme ule ukatengeneza usumaku wake unaopinga mzunguko unaouzalisha. Heinrich Lenz aliieleza kanuni hii mwaka 1834. Kila wati inayochotwa kwenye altaneta inarudi kwenye shafti kama uzito wa kuzungusha, na mwenye kuzungusha lazima aulipe. Altaneta isiyo na mzigo huzunguka kama mchezo, ndiyo maana maonyesho mengi huanza bila mzigo.

Ukiwasha mzigo kweli, mambo huharibika kwa mpangilio uleule kila mara. Kasi inashuka. Ikishuka kasi, hezi (idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde) zinashuka kutoka 50 kwenda 45, 40, na volti zinashuka pamoja nazo. Mota ikipata volti ndogo huku shafti ni nzito, inavuta ampea nyingi zaidi, koili zinapata moto, na harufu ya vanishi inaanza kusikika. Mwisho wake ama gurudumu linasimama, ama mota inaungua. Kubadilisha ukubwa wa puli hakusaidii: ukiongeza kasi mara mbili, nguvu ya kusokota shafti inagawanyika kwa mbili.

Kwa nini basi kwenye video inaonekana kufanya kazi? Mara nyingi jibu ni gurudumu lenyewe. Gurudumu la kilo 25, lenye upana wa sentimita 50 kutoka ukingo hadi ukingo, likizunguka mara 1,500 kwa dakika, limebeba takriban jouli 9,600. Hiyo ni nishati ya kuwasha balbu ya wati 100 kwa sekunde 96, kama ungeweza kuikamua yote. Nishati hiyo ilitoka ukutani wakati mota inachanganya. Video ya sekunde 30 inakatika kabla ya deni kudaiwa. Video ya nusu saa ina jambo jingine ndani yake: betri chini ya fremu au waya ndani ya mguu wa meza.

Kuna pia kosa la kupima, na hili linawakamata hata mafundi waaminifu. Mtu anapima upande wa kutoka kwa klampu na multimita: volti 240, ampea 3, anazidisha anapata 720. Upande wa kuingia anasoma kwenye mita ya umeme, anakuta wati 500. Anaamini amepata asilimia 144. Lakini volti mara ampea kwenye umeme wa AC, ule wa kupanda na kushuka, ni VA (volti-ampea), si wati. Mzigo ukiwa ni mota au taa za bei nafuu, volti na ampea hazipandi na kushuka pamoja, na kati ya hizo VA 720 zinazofanya kazi kweli zinaweza kuwa wati 360. Mita ya ukutani inahesabu wati halisi, kwa hiyo fundi amelinganisha vipimo viwili visivyofanana. Dawa yake ni kutumia mita ya wati pande zote mbili, na mzigo wa koili ya kuchemshia maji au balbu za zamani za uzi, ambazo VA na wati zake ni kitu kimoja.

Gurudumu linalojipindua

Kabla ya umeme, ndoto hii ilijengwa kwa mbao na vyuma vizito. Bhaskara wa India katika karne ya 12 alieleza gurudumu lenye mirija iliyotiwa zebaki nusu. Villard de Honnecourt wa Ufaransa, katika karne ya 13, alichora gurudumu lenye nyundo saba zinazoning'inia kwenye ukingo. Wazo ni moja: upande unaoshuka, nyundo inalala kuelekea nje, mbali na ekseli, kwa hiyo inavuta kwa nguvu zaidi. Upande unaopanda, nyundo inajikunja karibu na ekseli, kwa hiyo inavuta kidogo. Ukiangalia nyundo moja ya kulia na moja ya kushoto, hoja inakubalika kabisa.

Tatizo ni nyundo nyingine. Chora gurudumu hilo kwenye karatasi, kisha hesabu ziko ngapi kila upande. Upande ambao nyundo ziko mbali na ekseli zinakuwa chache, na upande zilikojikunja zinakuwa nyingi. Zijumlishe zote, na gurudumu linatulia pale ambapo jumla ya upande mmoja ni sawa na ya upande mwingine.

Lakini hata hesabu hiyo si ya lazima, na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Nyundo ya kilo 2 inayopanda mita 2 inahitaji jouli 39. Ikishuka mita hizo 2 inarudisha jouli 39. Uvutano wa dunia haujali njia iliyopitwa, kama ni ya kuzunguka mbali au ya kukata karibu. Unajali tofauti ya kimo tu. Mzunguko ukikamilika, nyundo imerudi pale ilipoanzia, kimo kilekile, na jumla ni sifuri. Na kila nyundo inapoanguka na kugonga ukingo, ule mlio na lile joto dogo la mgongano ni nishati iliyotoka na haitarudi. Kadiri gurudumu linavyokuwa na viungo vingi vya ujanja, ndivyo linavyosimama mapema.

Simon Stevin, mzaliwa wa Flandria, aliligeuza jambo hili kuwa chombo cha kufikiria mwaka 1586. Alichora mkufu wa mipira 14 uliozungushwa kwenye pembetatu: mipira 4 kwenye mteremko mrefu, 2 kwenye mteremko mfupi wenye nusu ya urefu huo, na 8 inaning'inia chini. Upande mmoja una mipira 4 na mwingine 2, je, mkufu utateleza? Kama ungeteleza kidogo, kila mpira ungechukua nafasi ya mwenzake, picha ingebaki ileile, na mkufu ungeteleza milele. Stevin akasema hilo haliwezekani, kwa hiyo mkufu umetulia, na kwa hiyo mipira 4 ya mteremko mrefu inalingana na 2 ya mteremko mfupi. Akapata kanuni sahihi ya mteremko bila kupima chochote.

Mwaka 1775 Chuo cha Kifalme cha Sayansi cha Ufaransa, Paris, kiliamua kwamba hakitakagua tena mashine yoyote ya mwendo wa daima. Katika sababu zake, chuo kilisema kazi hii imeshaangamiza familia zaidi ya moja, na kwamba mafundi ambao wangeweza kufanya makubwa wamemalizia humo mali yao, muda wao na vipaji vyao. Maneno hayo bado yana uzito, kwa sababu anayejenga mashine hii leo kwa kawaida ni fundi hodari: anajua kuchomelea, anajua kusuka mota, na anatumia fedha za nyumbani kwake.

Si wote waliokuwa waaminifu. Charles Redheffer alionyesha mashine yake Philadelphia mwaka 1812 na kuomba fedha za serikali. Alisema mashine inaendesha gia ya pembeni. Wakaguzi waliruhusiwa kuchungulia kupitia dirisha tu, lakini kijana mmoja aliyekuwepo alitazama meno ya gia na kuona yamelika upande usiostahili. Gia ya pembeni ndiyo iliyokuwa ikiendesha mashine. Mwaka uliofuata, huko New York, Robert Fulton, yule mjenzi wa meli za mvuke, alisikia kwamba mashine ya Redheffer inazunguka kwa kasi isiyo sawa, kama kitu kinachozungushwa kwa mkono. Alibandua mbao za ukutani, akafuata kamba ya utumbo hadi chumba cha juu, akamkuta mzee ameshika mpini.

Jicho lile la meno ya gia linatumika hadi leo kwenye mikanda. Mkanda unaofanya kazi una upande uliokaza na upande uliolegea. Upande uliokaza ni ule unaokimbilia puli inayoendesha. Ukiona kwenye mashine ya "mota na altaneta" kwamba upande uliokaza unakimbilia altaneta, basi hiyo "altaneta" ndiyo mota, na kuna betri inayoilisha. Ukiona mkanda umelegea pande zote mbili, hakuna nguvu ya maana inayopita hapo, hata kama taa kumi zinawaka.

Sumaku, na sababu iliyo chini ya zote

Sumaku zina mvuto wake kwa wabunifu kwa sababu zinasukuma na hazichoki. Ni kweli hazichoki, lakini kusukuma si kutoa nishati. Sumaku iliyoganda kwenye mlango wa friji inashikilia kwa miaka na haifanyi kazi hata ya jouli moja, kwa kuwa hakuna kinachosogea. Kwenye gurudumu la sumaku, kila sumaku inavuta chuma kikija na inakivuta vilevile kikitaka kuondoka. Alichopata mtu wakati wa kukaribia anakirudisha chote wakati wa kuachana. Ngao za chuma hazibadilishi hesabu hiyo, kwa sababu kuingiza na kutoa ngao kwenyewe kunadai nguvu.

Kufikia katikati ya karne ya 19 mambo haya yote yalikusanywa kuwa kanuni moja. James Joule alipima kwa makasia yanayokoroga maji: kilo 1 ya uzito lazima ishuke takriban mita 427 ili kupasha moto kilo 1 ya maji kwa nyuzi 1 ya Selsiasi. Namba zilikaribiana kwa kila njia aliyotumia. Mwaka 1847 Hermann von Helmholtz aliandika kanuni ya uhifadhi wa nishati, akianzia hasa kwenye kushindikana kwa mwendo wa daima.

Sababu ya ndani zaidi ilikuja mwaka 1918 kwa mwanahisabati Emmy Noether. Alionyesha kwamba nishati haipotei wala haizuki kwa sababu kanuni za maumbile hazibadiliki kadiri muda unavyopita. Fikiria uvutano wa dunia ungekuwa dhaifu asubuhi na mkali jioni. Ungepandisha mzigo asubuhi kwa nguvu kidogo, ungeushusha jioni kwa faida, na ungekuwa na umeme wa bure kila siku. Haiwezekani kwa kuwa kilo 2 zina uzito uleule asubuhi na jioni. Anayedai mashine ya mwendo wa daima anadai, hata kama hajui, kwamba kanuni hizo zinabadilika ndani ya fremu yake ya chuma.

Aina ya pili

Kuna mashine ambayo haiivunji kanuni ya nishati, na bado haiwezekani. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ikipoa kwa nyuzi 1 inatoa zaidi ya jouli milioni 4, yaani kama uniti 1.1 ya umeme. Bahari nzima imejaa joto. Kwa nini meli isinyonye joto hilo, iendeshe injini, na itupe nyuma maji yaliyopoa?

John Gamgee alijaribu huko Marekani mwaka 1881. Alitaka amonia, inayochemka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri, ichemshwe na joto la kawaida la maji, isukume pistoni, kisha ipoe yenyewe kwa kutanuka na irudi kuwa kimiminika. Jeshi la Majini la Marekani lilipendezwa, na Rais Garfield mwenyewe alikwenda kuona. Mashine haikufanya kazi. Amonia iliyotoka kwenye pistoni ilibaki mvuke, na kuirudisha kuwa kimiminika kulihitaji kitu chenye baridi kuliko yenyewe. Kitu hicho hakikuwepo melini, na kukitengeneza kunakula kazi zaidi ya ile pistoni iliyotoa.

Sadi Carnot alikuwa ameshaeleza mwaka 1824 kwamba joto hutoa kazi pale tu linaposhuka kutoka penye moto kwenda penye baridi. Juu ya bahari ya tropiki kuna nyuzi 27 hivi, na kina cha mita 1,000 kuna nyuzi 5 hivi. Hapo pana tofauti, na injini halali inawezekana: ukomo wake ni nyuzi 22 kugawa kwa 300, ambalo ni joto la juu kwa kipimo cha kelvini, sawa na asilimia 7. Mtambo wa namna hiyo wa kilowati 105 uliunganishwa kwenye gridi ya Hawaii mwaka 2015. Sehemu kubwa ya umeme wa mitambo hii huliwa na pampu za kuvuta maji ya baridi kutoka chini.

Vitu vinavyoonekana kama vinajiendesha daima vina mlishaji. Maji ya mabwawa ya Mtera na Kidatu, Tanzania, yanazungusha mitambo mwaka baada ya mwaka kwa sababu jua linayapandisha angani na mvua inayarudisha milimani. Mvua zikikatika, mitambo inapunguza. Sayari zinazunguka jua bila kuchoka, lakini hazitoi kazi kwa mtu. Na dunia inapotoa kazi kidogo tu, kwa kuburuza maji kupwa na kujaa, inalipa kwa mwendo wake: siku inarefuka kwa takriban milisekunde 2 kila karne.

Ukiletewa mashine

Usibishane kuhusu nadharia. Omba ndoo. Lita 20 za maji kutoka nyuzi 25 hadi kuchemka zinahitaji jouli milioni 6.3, yaani uniti 1.74, bila kuhesabu joto linalopotea pembeni. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina uniti 1.2 ikiwa imejaa kabisa. Kwa hiyo betri moja iliyofichwa haiwezi kuchemsha ndoo moja, na gurudumu la kilo 25 halitapasha maji hayo hata kwa nyuzi moja. Mashine iinuliwe kutoka sakafuni kwa magogo makavu ili ionekane pande zote, hita ya kilowati 1 itumbukizwe, na isubiriwe kwa saa mbili. Kisha ndoo ya pili, mashine ikiwa haijazimwa wala kufunikwa. Anayeiuza akikataa mtihani huu, akidai siri ya ubunifu, kumbuka kwamba ndoo haichungulii ndani ya mashine.

Na kama umeshajenga moja, vyuma hivyo si hasara tupu. Altaneta, puli, beringi na fremu ni sehemu kubwa ya mtambo mdogo wa maji. Kijito kinachotiririsha lita 20 kwa sekunde na kuanguka mita 3 kina wati 588. Ukipata nusu yake baada ya upotevu wa gurudumu la maji, mkanda na altaneta, una wati 290 usiku na mchana, karibu uniti 7 kwa siku. Mota itoe kwenye fremu. Mahali pake paweke shafti ya gurudumu la maji, na chagua puli zitakazofikisha altaneta kwenye mizunguko iliyoandikwa kwenye kibao chake, kwa kawaida 1,500 kwa dakika kwa hezi 50.